Tulichomficha Baba

Nyumba yetu ya Langoni, mjini Lamu, ina ngazi 19 kutoka daka, ule ukumbi wa mlangoni, hadi chumba cha juu. Idadi hiyo niliijua Ramadhani ya 2018, kwa masikio. Baba akirudi tarawehe nilikuwa nikisikia viatu vyake vikipanda, kisha kimya, kisha vikipanda tena. Siku za mwanzo alisimama mara moja tu, katikati. Kufika kumi la mwisho alikuwa akisimama kila baada ya ngazi 4, mkono umeshika kiambaza, na sisi juu tumenyamaza tukijifanya hatusikii kitu.

Hapo ndipo tulipoanza kufichana, kabla hata hatujajua ugonjwa ni upi.

Baada ya Idi alipigwa picha ya kifua. Upande wa kulia wote ulitoka mweupe: maji yamejaa baina ya pafu na mbavu. Yalitolewa kwa sindano, lita 1 na nusu, rangi ya chai ya mkandaa. Baba akavuta pumzi ndefu, akatabasamu, akaomba kahawa. Tukadhani yamekwisha. Wiki 3 baadaye yalirudi. Makohozi yalipimwa, vijidudu vya TB havikuonekana, lakini alianzishwa dawa za TB vilevile. Simlaumu aliyeanzisha. Kwetu sisi mtu akiwa na maji kifuani, TB ndiyo inayotafutwa kwanza, na mara nyingi ndiyo yenyewe. Ninachojutia ni ile miezi miwili tuliyokaa tukihesabu vidonge huku kanzu zikizidi kumpwaya. Kama mgonjwa wako yuko kwenye dawa hizo na maji yanarudi, na mwili unaisha, usingoje miezi 6 itimie. Mrudishe, uulize kwa kinywa chako: je, haliwezi kuwa jambo jingine?

Mwezi wa Oktoba tuliandikiwa kwenda Mombasa kwa picha ya skani. Aliyewahi kumtoa mgonjwa wa pumzi Lamu mwaka ule atanielewa. Mji wetu hauna njia za gari. Tulileta punda, Baba akakataa katakata, akasema yeye si gunia la unga. Akatembea. Mwendo wa dakika 6 ulituchukua nusu saa, kila baraza akikaa kama mtu aliyekuja kuzungumza, ili watu wasione kwamba anapumzika. Gatini bahari ilikuwa imekupwa, boti liko chini kabisa, na ngazi zina utelezi wa mwani. Vijana wawili walimshika kwapani wakamteremsha hatua kwa hatua. Mzee aliyekula maisha yake baharini alishushwa chomboni akitazama pembeni, na mimi nikatazama pembeni pia. Kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, basi lilisindikizwa na polisi, barabara vumbi na mashimo hadi Garsen. Nilimwekea mto kifuani aulalie kwa mbele, kwani kuegemea nyuma kulimkaba. Jambo hilo nililigundua kwa bahati kwenye basi, na likaja kutufaa hadi siku ya mwisho.

Mombasa walichukua kinyama kidogo kwenye utando wa pafu kwenda kupimwa. Daktari hakuuliza kuhusu sigara kwanza. Aliuliza: "Mzee, ujanani ulifanya kazi gani?"

Baba akasimulia. Kuanzia 1974 hadi 1983 alikuwa kwenye meli za mizigo, si juu kwenye hewa bali chini, chumba cha mashine. Walikuwa vijana wanne wa Lamu, chombo kimoja. Mabomba ya mvuke yalikuwa yamevikwa kitu cheupe cha kuzuia joto, na bomba likiharibika wao ndio waliokibandua kwa mikono, kikapukutika kama unga wa ngano, wakaufagia. Magunia ya kile kitu wakiyafanya mito ya kulalia. Daktari akaacha kuandika. Kile kitu ni asbesto, akasema. Nyuzi zake ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, mtu huzivuta kwa pumzi, zikafika mpaka kwenye utando unaolizunguka pafu, na hapo hukaa. Hukaa miaka 20, 30, hata zaidi ya 40, bila kumuuma mtu. Kisha saratani huota pale. Inaitwa mesotelioma, nayo si ile saratani ya mapafu ya wavutaji sigara. Baba hakuwahi kuvuta.

Majibu ya kinyama yalirudi mwanzoni mwa Novemba, nayo yalikuwa hayohayo. Kaka yangu mkubwa alimvuta daktari ukumbini akamwambia kwa adabu yote: "Tafadhali, mzee asiambiwe. Ataanguka." Nami nilikuwa nimesimama pale, nikatikisa kichwa kukubali. Tulirudi ndani, kaka akamwambia Baba kwamba utando umevimba, dawa zipo. Baba akasema alhamdulillahi, akauliza kama tumekula.

Naandika haya kwa sababu ya neno hilo moja, "asiambiwe". Tulilisema kwa mapenzi. Kisha tukalipia, na aliyelipa zaidi ni yeye.

Daktari alituambia ugonjwa umefika mahali pasipoponyeka. Dawa za kemo zingeweza kumwongezea miezi kadhaa, kwa sharti la kwenda Mombasa kila baada ya wiki 3. Mwenye mwili hakuulizwa. Tulikaa sebuleni ndugu watano tukapiga kura juu ya kifua cha mtu aliyekuwa amelala chumba cha pili. Ndugu yetu mdogo aliyeko Uarabuni alitaka apelekwe India, akaanza kuchanga kwenye kundi letu la simu, na kila aliyesema neno la kusita aliambiwa anataka mzee afe. Tulitukanana maneno ambayo mengine mpaka leo hayajafutika.

Tukamweka juu, ili apate utulivu, tukasema. Ukweli ni kwamba tuliogopa mtu atamtamkia. Mfungo Sita, wageni wa maulidi walipojaa mji, jamaa walikuja kutoka Siyu, Faza, Malindi hadi Zanzibar, na wote waliishia dakani: "Amelala kidogo." Yeye juu hakulala. Alisikia sauti zao, mtu mmoja mmoja, na usiku akisikia matari ya msikiti wa Riyadha. Asubuhi moja aliniuliza, "Fulani hakuja mwaka huu?" Nikamwambia hakuja. Yule mtu alikuwa amesimama mlangoni petu jana yake, na mfuko wa halua mkononi.

Lakini lililo zito kulisema ni la dawa. Kabla hatujaondoka Mombasa, muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, alitupa chupa ya mofini ya maji, akatufundisha: kipimo kidogo kila baada ya saa 4, na usiku kabla ya kulala maradufu ili maumivu yasimwamshe. Akasema haipunguzi maumivu tu, hupunguza na ile hofu ya kukosa pumzi. Nilipoileta nyumbani Mama akasoma jina, akashika kichwa. Kwake mofini ni dawa ya anayekata roho. Na mimi nikawaza, nikimpa, atauliza ni ya nini. Basi nikaiweka kabatini, nyuma ya mkebe wa sukari. Ilikaa hapo siku 26. Siku 26 Baba alilala ameketi, ameikumbatia meza, mishipa ya shingo imesimama, na dawa iko hatua 10 kutoka alipo.

Badala yake tulimlisha. Supu ya changu, uji, maji ya dafu, kijiko juu ya kijiko, mpaka akawa anageuza uso. Tulimwona mkaidi. Kumbe ugonjwa wenyewe huifunga njaa, na chakula cha kulazimishwa humletea kichefuchefu na wala hakimrudishii nyama mwilini. Alikunywa kombe pia, na sitamruhusu mtu aliseme vibaya, kwani yale maji yenye aya alikuwa akiyanywa uso ukitulia. Ila alikuja mtu mwengine, akatuuzia chupa tatu za dawa ya kansa kwa pesa zilizotosha kukodi boti na gari hadi Mombasa, na zilimharisha siku 2. Mtu akikwambia dawa yake huponya kila aina, tena haraka kabla haijaisha, mfungulie mlango atoke.

Usiku mmoja wa Desemba, kaskazi imeanza kuvuma, nilikuwa zamu. Saa 8 hivi Baba akanyanyua kichwa mezani.

"Ndoo," akaniambia kwa Kiamu chetu, yaani njoo. "Kaa hapa. Mwanifita nini?"

Nikaanza kusema la utando. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Tini kule tulikuwa wane. Wawili wamekufa kwa kifua, na wote waliambiwa TB. Nimengoja zamu yangu tangu alipokufa yule wa pili." Akapumzika. Kila maneno matano alipumzika. "Nyinyi mwanifita mimi, nami nawafita nyinyi. Na mamako yuwatufita sote, yuwalia jikoni akasema ni moshi."

Jiko letu ni la gesi.

Nikamwambia. Sikuwa na maneno ya kuyapamba, nikamwambia jina la ugonjwa, na kwamba hauponi, na kwamba daktari hakutaja siku. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuanguka. Swali lake la kwanza lilikuwa kama Mama, aliyekuwa akizifua nguo zake za kazi alipokuja likizo, naye yuko hatarini. Nikamjibu kweli, kwamba wake wa wafanyakazi waliofua nguo zenye vumbi lile wamewahi kuugua, na kwamba tutampeleka akaangaliwe. Ndipo alipolia, kwa ajili ya Mama.

Kisha nikaenda kabatini nikaitoa chupa. Nikamweleza ni nini.

"Imekaa humo tangu lini?"

Nikamwambia.

Hakusema kitu. Alifungua kinywa. Baada ya nusu saa niliona mabega yake yakishuka, yale mabega yaliyokuwa yamepanda hadi masikioni kwa mwezi mzima. Alilala kwenye mito mpaka adhana ya alfajiri.

Siku 2 za kwanza alisinzia sana, Mama akaniangalia kwa jicho la lawama. Siku ya 3 aliamka na akili yake timamu kuliko wiki nyingi zilizopita, kwani sasa alikuwa akilala usiku. Mofini hufunga choo, na hilo nalisisitiza kwa sababu sisi lilitupata: dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile, usisubiri mtu akae siku 5 akiugulia. Papai peke yake halitoshi. Na usingoje chupa ibaki vijiko viwili ndipo uagize. Haipatikani kila duka la dawa, yetu ilitoka Mombasa, na kuna usiku mmoja basi lilichelewa, tukaona tena yale mabega yakipanda. Tangu hapo nikawa naagiza ikibaki ya wiki nzima.

Muuguzi yuleyule, kwa simu, alinifundisha jambo ambalo Mama alidhani ni mzaha. Pumzi ikimbana, chukua kipepeo, mpepee usoni: mashavuni, puani, mdomoni. Tulikuwa tumekodi mashine ya oksijeni, umeme ukikatika tunahangaika, kumbe kipimo cha kidoleni kilikuwa kikionyesha oksijeni yake si mbaya kiasi hicho, na kilichomsumbua hasa ni hisia ya kukabwa. Upepo ukipita usoni, ile hisia hulegea. Tulikuwa na kipepeo cha ukindu cha kuchochea makaa, ukingo umeungua kidogo, chanuka moshi. Mama akakiosha, akakianika, akakaa naye kitandani. Fu, fu, fu, polepole, mkono wa kushoto umeshika kidole chake gumba. Akichoka mkono wa kulia anahamisha. Mama ambaye kwa miezi hakujua la kufanya ila kupika na kulia, sasa alikuwa na kazi, na kazi ile ilifaa, aliiona kwa macho yake ikifaa.

Tulimuuliza anataka nini. Sikumbuki nani alikuwa wa kwanza kuuliza, lakini jibu lake lilituaibisha kwa udogo wake. Alitaka kushushwa chini. Vijana wa mtaa walimbeba kwenye kiti ngazi zote 19, tukaweka kitanda karibu na mlango wa daka, na kuanzia hapo hakupanda tena. Asubuhi punda wa mchanga wanapita, watoto wa madrasa wanapita, na kila mpita njia anatoa salamu. Jibu lake lilikuwa kunyanyua kidole. Kemo alikataa. Alisema akipewa miezi hapa nyumbani na miezi kwenye basi, anajua atakayochagua. Alikubali safari moja tu ya Mombasa, kutolewa maji mara ya tatu na kutiwa dawa ya unga ya kuugandisha utando ili maji yakose pa kukaa. Ilimuuma, homa ikampanda siku 2, lakini maji hayakumsumbua tena kama kwanza.

Na India? Nilimpigia ndugu yangu simu, nikampa Baba azungumze naye. Sikuongeza neno. Nilisikia upande mmoja tu: "Mwanangu, tikiti hiyo kata yako, uje wewe." Alikuja Februari, akakaa wiki 3, na ndiye aliyemwogesha siku zote hizo.

Baba alikuwa na daftari. Tulidhani ni la hesabu za samaki. Alianza kulishughulikia ukurasa kwa ukurasa, mimi nikiwa karani: fulani namdai, msamehe, fulani anidai, mpelekee. Wasia aliuandikisha mbele ya mashahidi wawili, akamkumbuka binti aliyelelewa kwetu ambaye si mrithi, sheikh akamkumbusha usizidi thuluthi. Angeyafanya yote haya akiwa na nguvu zaidi, kama tusingempotezea mwezi ule.

Jirani yetu wa nyuma na Baba walikuwa hawasemezani miaka 11 kwa sababu ya kiambaza. Baba alinituma nimwite. Alikuja na kofia mkononi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na wakazungumza saa nzima juu ya bei ya kamba na nani siku hizi anajua kushona tanga. La kiambaza halikutajwa. Alipoinuka, Baba akasema, "Niwie radhi," naye akajibu, "Na mimi pia, bwana." Siku ya mazishi alikuwa miongoni mwa walioingia kaburini kumpokea.

Alituacha mwezi wa Shaaban, Aprili 2019, baada ya alfajiri, mlango wa daka uko wazi. Siku 2 za mwisho hakumeza tena, tulimlowesha midomo kwa pamba, na pumzi zake zilikuwa na vituo virefu. Muuguzi alikuwa ametutayarisha kwa hilo, kwa hiyo hakuna aliyemtikisa wala kumkimbiza gatini. Kaka alimlakinia shahada. Mama alikuwa bado anapepea, na ikabidi nimshike mkono.

Hasira ninayo. Uingereza waliipiga asbesto marufuku kabisa mwaka 1999, Kenya 2006, na madhara yake yalikuwa yanajulikana hata wakati Baba akilalia yale magunia. Bado yako mapaa ya zamani ya asbesto, na naona watu wakiyakata kwa msumeno mchana kweupe na watoto wamesimama karibu. Usiyakate, usiyavunje, usiyafagie makavu. Mama alipigwa picha, kifua chake mpaka sasa kimetoka safi.

Ukurasa wa mwisho wa daftari haukuwa na deni. Ulikuwa na jina la yule wa nne, yuko Shela, na chini yake: aambiwe. Nilikaa nalo hadi arubaini ilipopita. Nikachukua boti jioni moja, nikamkuta barazani na wazee wenzake, anakohoa kwenye leso na kuikunja haraka. Nilingoja wenzake waondoke kuswali, nikamwomba abaki kidogo.

"Ami," nikamwambia, "lile vumbi jeupe la chini kule, Baba ndilo lililomuua. Umewahi kupigwa picha ya kifua?"

Akanitazama kwa muda mrefu. "Ni yeye alokutuma?"

Nikamwambia ndiye.

Asubuhi nilimkuta gatini Shela, amevaa kanzu ya Ijumaa, anasubiri boti la kwanza.